Windo ya Pili Ukweni

Zamani, kwa watu wa mke wangu, kijana akitaka kuoa alikwenda kulima shamba la baba wa msichana. Alilima msimu mzima huku wakwe wakimtazama tu: ana nguvu, ni mvivu, anagombana na jembe, anakula sana? Mavuno yakiisha ndipo anapewa jibu. Mimi sikupewa shamba. Baba wa mchumba wangu, dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu, siku niliyokwenda kujitambulisha alinishika viganja, akavigeuza kama mtu anayechagua viazi sokoni, akacheka.

"Hivi vikishika jembe vitatoka malengelenge, halafu utanidai dawa," alisema. "Wewe si fundi wa kompyuta? Basi kwangu utalima kompyuta."

Ukweli ni kwamba sikuwa fundi. Nilikuwa na kiduka cha kuchapa na kutoa kopi karibu na mpaka, pale Tunduma, enzi hizo tukiwa bado Mkoa wa Mbeya. Lakini mjini kwetu mtu akishajua kuwasha printa ameshakuwa fundi. Watu waliniletea kompyuta zilizokufa, simu zilizozama chooni, na mama mmoja aliniletea pasi. Nilikuwa nakubali vyote. Ujana una faida zake, mojawapo ni kutojua usichokijua.

Hiyo kompyuta niliyopewa kulima ilikuwa laptop kuukuu ambayo kifungua mimba wao alikuwa ameituma kutoka Dar es Salaam. Aliituma moja, na nyumba ilikuwa na watu wazima wawili wanaoitaka. Mama mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na katika umri ambao wenzake walikuwa wakihesabu siku za kustaafu, yeye alikuwa anasoma shahada kwa masomo ya mbali. Utafiti wake wote, kazi ya zaidi ya mwaka, ulikuwa ndani ya hiyo laptop. Mzee naye alikuwa na rumba zake, filamu zake za ngumi, na mchezo wa drafti aliokuwa akiucheza na mashine na kuituhumu kwamba inaiba.

Rumba hizo zilikuja kwa flashi kutoka kilabuni, na flashi ya kilabuni ilikuwa inaingia kila mashine ya Tunduma bila kunawa. Virusi vya miaka ile vilikuwa na tabia ya kuficha mafaili. Unafungua folda uliyoijaza jana, unakuta vijia vya mkato tu visivyokwenda popote. Mwalimu alikuwa amefichiwa utafiti wake mara kadhaa, mafundi wa mjini wakaurudisha, mzee akachomeka tena flashi yake. Mchumba wangu, ambaye alikuwa muuguzi kwenye zahanati moja mjini, aliniambia nyumbani hakukaliki. Wazazi wake walikuwa wanaongea mambo mawili tu, chumvi na umeme.

Mimi nilikuwa na dawa. Mteja wangu mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, kijana aliyesomea mambo ya kompyuta huko Kitwe, alikuwa ameniachia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, kwenye flashi na kunionyesha jinsi ya kuipandisha kwenye mashine pembeni ya windo, yaani ile Windows ya kila siku, bila kuifuta. Diski inagawanywa, kila mfumo unakaa upande wake, na ukiwasha mashine inakuuliza unataka kuingia upi. Virusi vya upande mmoja haviwezi kuishi upande wa pili. Nilikuwa nimeshafanya hivyo kwenye mashine ya dukani ikakubali, na kwenye nyingine ikakubali baada ya kufa kwanza.

Nilimweleza mzee. Nilijiandaa kwa maelezo marefu, nikachora na kisanduku kwenye karatasi, lakini watu wa Tunduma hawahitaji kuelezwa habari za mpaka. Tuna majirani ambao wakitupa jiwe kutoka jikoni linaangukia Zambia.

"Yaani kama hapa na Nakonde," alisema mzee.

"Hivyo hivyo, mzee. Kila mtu na windo yake."

"Na virusi havivuki?"

"Havivuki."

"Ajabu," alisema. "Hapa kwetu hakuna kisichovuka." Kisha akaacha kucheka, akaniinamia. "Sikiliza, kijana. Ukigawa vizuri, mimi na mwalimu tukapata amani, tutakaa tuongee habari za harusi. Ukimpotezea mwalimu kazi yake, hata kuaga usije. Hapa ndani sitaweza kukutetea, nitakuwa najitetea mwenyewe."

Nilikubali. Nilimpenda sana yule binti, na mtu akipenda anakubali mambo kabla hajayasikia vizuri.

Sasa kuna jambo moja ambalo lazima nilieleze, maana bila hilo kilichotokea ni lori tu na kompyuta. Kwa watu wa mke wangu, mwanamume akishatamka kwamba anataka kuoa, yeye na mama wa msichana hawaonani tena. Akimwona kwa mbali njiani, anaingia porini. Hali chakula mbele ya mama mkwe, hamsemeshi, hatamki jina lake. Ni heshima, na inaendelea mpaka wazee wenyewe waseme sasa basi. Nyumbani kwetu Iyula, kwenye mashamba ya kahawa, haya mambo yalikuwa yameshalegea, mama mkwe unamwamkia na anakupa chai. Mchumba wangu alinifundisha wiki nzima. Alinipitisha kwenye mitihani midogo midogo: ukimkuta kisimani? Ukimkuta kanisani? Akidondosha kitu mbele yako? Kila jibu lilikuwa ni kukimbia.

"Na nikiwa natengeneza kompyuta yake?" nilimuuliza.

Alisema shangazi yake atakuwepo.

Kazi ilifanyika Jumapili baada ya ibada, mchana, kiangazi, jua la kutosha na upepo wenye vumbi. Mchumba wangu alikuwa zamu. Mzee alinikaribisha, akanisukumia stuli, akasema yeye hawezi kutazama mtu akipasuliwa, akaenda zake kwenye kibanda cha kuonyesha mpira chini ya mteremko. Nikabaki sebuleni na laptop. Mwalimu alikuwa kwenye korido, nyuma ya pazia, ameketi kwenye kigoda. Nilikuwa naona kidogo ncha ya kandambili yake, nikawa naogopa hata hiyo. Na mlangoni, nusu yake huku na nusu kule, alisimama shangazi, dada wa mzee, mwanamke mnene mwenye furaha ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kuchukua maneno kutoka upande mmoja wa pazia na kuyapeleka upande wa pili. Umbali wenyewe haukufika hata hatua tatu. Tulikuwa tunasikiana wote vizuri kabisa.

"Shangazi," nilisema, "naomba umwambie mama kwamba kabla ya kugawa diski ni vizuri tunakili kazi yake mahali pengine, kwa usalama."

Shangazi aligeuza kichwa. "Anasema tunakili kwanza."

"Mwulize anakili wapi," ilisema sauti ya nyuma ya pazia.

"Anauliza wapi."

Hapo palikuwa na tatizo. Flashi yangu ndiyo iliyobeba Linux, na sehemu ya CD ya ile laptop ilikuwa imekufa zamani. Flashi nyingine ndani ya nyumba ilikuwa moja tu.

"Kwenye flashi ya mzee," nilisema, kwa sauti ya chini.

Shangazi hakuhitaji kugeuka.

"Mwambie," ilisema sauti, polepole kama mwalimu anayerudia swali kwa darasa zito, "kazi yangu haiingii kwenye kile kidude cha kilabuni. Nimeshasema."

Angekuwa mteja wa dukani ningebishana naye. Ningemwambia mama, hapana, tunasafisha kwanza, au subiri kesho nilete flashi nyingine. Lakini utabishanaje na mtu ambaye huruhusiwi kumsemesha? Ukimtuma shangazi na hoja ya kwanza, akarudi na jibu, ukamtuma na ya pili, inakuwa ni ugomvi wa ukweni, tena kupitia kwa shahidi. Nilisema, "Sawa, Shangazi. Mwambie tutakwenda hivyo hivyo." Ndivyo heshima ilivyotufikisha pale, wote watatu, kwenye kugawa diski yenye kazi ya mwaka mzima bila nakala hata moja.

Nikachomeka flashi, nikawasha. Mambo yalianza vizuri. Mashine ilinionyesha mstari mrefu wenye rangi mbili, upande huu windo, upande huu Linux, na katikati kialama cha kuvuta. Nilimwuliza mama, kwa njia ya shangazi, anataka ukubwa gani. Akajibu nusu kwa nusu, asionekane mchoyo. Halafu akasema aongezewe kidogo. Nikavuta. Mashine ikanionya kwamba kazi hii inaweza kuchukua muda mrefu, kwamba ikishaanza hairudi nyuma, na mashine isizimwe. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikabonyeza.

Mstari ulikuwa umefika kama robo hivi ndipo friji ya jikoni ilipokohoa na kunyamaza.

Kila mtu wa Tunduma anaijua sauti ile ya vitu kunyamaza. Redio ya jirani, mashine ya kusaga kule barabarani, vyote vilikata pamoja. Umeme ulikuwa umekwenda, na wa Jumapili ukienda hauna ahadi. Laptop ilibaki inawaka, lakini betri yake ilikuwa imebaki jina tu. Nilikuwa nimeijaribu mwanzoni na ilikaa kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kile kipicha cha betri kikaanza kupungua machoni pangu.

"Shangazi," nilisema, na nilisikia sauti yangu imepanda kama ya mtoto, "mwambie mama mashine ikizimika sasa hivi, kazi yote imekwenda. Yake na ya mzee."

Shangazi alifungua mdomo. Hakuna aliyemsubiri. Nilisikia kigoda kikianguka, kandambili zikikimbia koridoni, mlango wa chumbani ukifunguliwa, na mlio wa funguo.

Uani kulikuwa na lori. Mzee alipostaafu alinunua lori lake la zamani, la kubebea mahindi, na ndani ya kichwa alikuwa amefunga inveta ya kuchajia simu na kuwasha kiredio, kama madereva wote wa njia ile. Ila stata yake ilikuwa imekufa tangu masika. Kwa hiyo alikuwa analiegesha juu ya mteremko, likielekea chini, jiwe mbele ya gurudumu. Akitaka kuondoka anatoa jiwe, linashuka, anachomeka gia, linawaka lenyewe. Na bila injini kuwaka, betri ya lori lile ilikuwa ndugu wa betri ya laptop.

"Mama anasema chukua mashine utoke nje!" alipiga kelele shangazi, akiwa ameshakimbia.

Nilitoka nimeikumbatia laptop kama mtoto mwenye homa, chaja ikining'inia shingoni. Mlango wa lori ulikuwa wazi, na kwenye usukani, kanga imefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi, alikuwa ameketi mama mkwe wangu.

Niliganda. Nilitazama chini, nilitazama juu, nilitafuta pori la kuingia na pale uani hapakuwa na pori. Kichwa cha lori kile kilikuwa na kiti kimoja tu kirefu.

"Shangazi!" nilisema. "Shangazi, njoo ukae katikati!"

"Na jiwe atoe nani?" aliuliza shangazi, ameshainama, makalio juu, anavuta jiwe kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nilipoisikia ile sauti ikinijia moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu.

"Wewe mtoto, panda."

Nikapanda.

Jiwe likatoka, shangazi akaruka pembeni, lori likaanza kuteremka kimya kimya likipita geti lililokuwa wazi kwa bahati ya Mungu. Shangazi alikuwa anakimbia nyuma yetu anaita, "Mnaniacha! Mnaniacha!" na nilimwona kwenye kioo akipungua. Mwalimu alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili, mgongo wima. Alingoja mwendo ushike, akakanyaga, akaweka gia, akaachia. Lori likashtuka, likakohoa, likatupiga vichwa mbele na nyuma, halafu likaunguruma.

"Chomeka!" alisema.

Nikachomeka kwenye inveta. Betri ilikuwa imeshageuka nyekundu. Kitaa cha chaja kikawaka. Mstari kwenye kioo cha laptop, ambao nilikuwa sijathubutu kuutazama, ulikuwa bado unatembea.

"Mama," nilisema, na ndilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake maishani, "usizime. Tafadhali, na usikimbize, diski haipendi kutikiswa."

"Nimeanza kuendesha haya magari wewe hujazaliwa," alinijibu, na akapunguza.

Mteremko ule unaishia kwenye kibanda cha mpira. Umeme ulipokatika, kibanda kizima kilikuwa kimetoka nje kupunga upepo na kulaumu. Wanaume wa mtaa mzima walikuwa wamejaa barabarani, na hakukuwa na pa kupita. Mwalimu akasimamisha lori mbele yao, injini inanguruma, akavuta breki ya mkono. Kelele zote zikafa. Kulikuwa na mama mwalimu wa watoto wao kwenye usukani wa lori, na kando yake mchumba wa bintiye, bega kwa bega, na laptop mapajani.

Mzee alikuwa kwenye benchi. Aliinuka taratibu, akaja mpaka upande wa mkewe, akashika dirisha.

"Mwalimu," alisema.

"Naam."

"Hili ni lori langu."

"Umeme umekatika. Kazi yangu imo humu na rumba zako zimo. Ukizima umeua vyote."

Mzee alinitazama. Mimi nilitazama mstari. Nilijua macho yetu yakikutana nitaruka nje na kukimbia mpaka Iyula. Akazunguka mbele ya lori na kusimama pale, mikono nyuma, kama askari wa barabarani. "Asisogee mtu," aliwaambia wenzake. "Kuna mgonjwa." Na hakuna aliyesogea.

Tulikaa pale kwa muda ambao siwezi kuupima. Mwanzoni nilikaa nimejibana kwenye mlango, nusu yangu nje. Lakini hofu nayo huchoka. Niliona pembeni kwamba mwalimu alikuwa anazidi kuishusha kanga yake chini ya nyusi, na nikaelewa kwamba yeye pia anaogopa, si kupoteza kazi yake tu, bali macho ya watu na mwiko aliouvunja mwenyewe kwa miguu yake.

"Mama, umejifunzia wapi?" nilimuuliza.

Alitabasamu huku akitazama mbele. "Kabla hatujapata watoto nilikuwa nasafiri naye. Lubumbashi tumekwenda. Njia ikiwa tupu ananipa usukani yeye analala. Tukikaribia mji tunabadilishana." Alimtazama mzee pale mbele ya lori. "Aliniomba nisimwambie mtu. Nami sikusema, angechekwa."

Mstari ulifika mwisho, ukafuata mwingine wa kunakili mafaili, na mashine ikaanza kuuliza maswali yake kwa Kiingereza. Likaja swali la jina la mwenye kompyuta. Vidole vyangu vikasimama juu ya vitufe. Jina lake nilikuwa nalijua, lakini kulitamka ni mwiko, na kuliandika sikujua kama ni afadhali au ni vibaya zaidi. Aliona ninavyohangaika. Akanyoosha mkono akapita mbele yangu na kuliandika mwenyewe, kidole kimoja, herufi kwa herufi. Mashine ikaomba neno la siri.

"Geuka," aliniambia.

Nikageuka, nikatazama nje dirishani. Watoto walikuwa wameshajaa upande ule wananipungia mkono. Nyuma yangu nilisikia kidole kikigonga. Na kidole kilipokuwa bado kinagonga, aliuliza bila kubadili sauti, kama anauliza bei ya nyanya:

"Mwanangu unampenda, au ni wazo tu limekupitia?"

Swali hilo lisingepita kwa shangazi. Hakuna mjumbe wa kulibeba. Nilijibu nikiwa nimegeuka vile vile, uso dirishani, na labda ndiyo maana niliweza.

"Nampenda, mama. Nampenda mpaka naogopa."

Kidole kikagonga mara ya mwisho. "Haya," alisema. "Tazama mashine yako."

Kazi ilikuwa imeshaisha umeme uliporudi, kabla jua halijazama. Nilirudishwa nyumbani na mzee mwenyewe, mwalimu akiwa ameshashuka na kutangulia kwa miguu, na nilipoingia sebuleni alikuwa ameshaketi nyuma ya pazia kama mtu ambaye hajawahi kutoka. Shangazi alikuwa amekaa chini anapepea uso kwa kanga. Niliwasha laptop. Kioo kikawa cheusi, kikatoa mistari miwili ya maandishi, mmoja wa mwalimu, mmoja wa mzee. Nikachagua wa mwalimu. Upande wake ukafunguka, safi, na nilipochungulia ndani ya windo kutoka huko, mafaili yote ambayo virusi vilikuwa vimeyaficha yalikuwa yanaonekana wazi, yamekaa tu. Utafiti ulikuwepo, wote. Nikauhamishia kwake, nikampa shangazi laptop, akaipitisha nyuma ya pazia. Tulisikia kurasa zikipandishwa na kushushwa kwa muda mrefu. Kisha mtu akapenga kamasi.

Upande wa mzee ulitutisha kidogo. Windo iliamka ikajikagua, ikamwaga maandishi mengi ya ajabu kwenye rangi ya bluu, mzee akaniita bwana kwa lugha ya ng'ambo, "Mukwai, imekufa." Haikufa. Ikafunguka, rumba zake zikaimba, na yeye akaichekea drafti yake kama rafiki aliyetoka hospitali. Nilikuwa na furaha mpaka nikasahau kila kitu kingine. Nilianza hata kukunja waya wa chaja.

"Kaa," alisema mzee. Alikuwa amezima muziki. "Kazi umeifanya, na umeifanya vizuri. Sasa kuna hili lingine."

Nikakaa. Shangazi naye akaacha kupepea.

"Umemwona mwalimu uso kwa uso," alisema. "Mmeketi kiti kimoja, mmeongea. Mtaa mzima ni shahidi. Ulikuwa unajua ni mwiko?"

"Nilikuwa najua, mzee."

"Basi tunakutoza kuku. Jike, mzima, anayetaga. Sina zaidi."

Ile "sina zaidi" niliisikia kama mlango unaofungwa. Nilijua wazee wa huko hawakufukuzi kwa matusi. Wanakutoza kitu kidogo, unalipa, mnaachana bila kinyongo. Niliinuka, nikasema nimekubali kosa, kuku nitamleta, na kama wataniruhusu ningeomba nipite zahanati nimuage binti yao. Sentensi haikuisha vizuri.

"Umuage unakwenda wapi?" aliuliza mzee, ameshangaa kweli.

Shangazi alinitazama, akamtazama kaka yake, halafu akaangua kicheko hadi akashika ukuta.

"Jamani, mtoto wa Iyula huyu hajui!" alisema. "Mwanamume wa nje akikutwa na mama wa watu hatozwi kuku, anafukuzwa na fimbo. Tangu lini mgeni akatozwa kuku? Kuku anatozwa mkwe!" Na akapiga vigelegele ambavyo nadhani vilifika Nakonde.

Machozi yalinitoka mbele ya mzee, wala sikuyafuta. Nyuma ya pazia sauti ikaita, na haikusubiri mtu wa kuibeba.

"Mkwe! Wasije wakakuuzia jogoo."

Nilitoka mbio na waya wa chaja bado mkononi, Jumapili jioni, nikashuka mteremko mpaka kwenye nyumba ya kwanza yenye kuku uani, nikamwonyesha mwenye nyumba tetea aliyekuwa mnene kuliko kuku wake wote, wala sikuuliza bei.